Mtani Mwenye Tepe Tatu

"Korongo! Nimesema tembea, sikusema vua samaki!"

Mwinjuma alishusha goti. Akajaribu tena, kushoto, kulia, kushoto, na kwa hatua chache mguu wake ulikwenda kama miguu ya wenzake. Halafu ukasahau. Goti likapanda mpaka usawa wa kitovu, vidole vikaelekea chini, unyayo ukachomoka polepole kutoka kwenye ardhi kavu ya Kibiti kana kwamba ardhi ile imeunyonya, ukatua mbele kwa hadhari, kama wa mtu anayehofia kukanyaga mzizi.

Makuruta wakacheka kwa pua. Kucheka kwa mdomo kulikuwa na adhabu yake.

Si kosa lake. Tangu ujana wake Mwinjuma alikuwa mkata mikoko kule visiwani, upande wa Kiongoroni, na tope la kule halina adabu. Ukilikanyaga kama unavyokanyaga barabara, linakushika mpaka pajani, unabaki hapo ukisubiri maji yajae yakukute. Mtu hujifunza kunyanyua goti kabla hajajifunza kuhesabu. Sasa serikali ilikuwa imempa uwanja uliofagiliwa, mkavu kama ngozi ya ngoma, ikamwambia asahau yote hayo kabla ya kwenda kupigana vita ya pili ya Wazungu, vita ambayo hakuna aliyemweleza imeanzaje.

"Simama!" alipiga kelele Sajini Dadi. "Simameni nyote, vibuyu vya serikali! Vitupu ndani, vikigongana kelele!"

Sajini Dadi alikuwa mtu mfupi mwenye kifua cha pipa, masharubu yaliyochanwa, tepe tatu mkononi, na jozi ya buti alizozipenda kuliko alivyopenda watu. Katika kambi ile makuruta walipiga kwata miguu mitupu. Yeye tu na kapteni ndio waliovaa buti, na za Sajini ziling'aa kuliko za kapteni. Jina la mtu hakulijua, au alijifanya halijui. Aliyefika na jina alilopewa na babu yake siku ya arobaini, alilivua getini pamoja na kanzu. Abdalah wa Maparoni aliitwa Mwali, kwa sababu alifumba macho kila bunduki ilipolia. Ndugu wawili wa Muhoro, mmoja mnene, mmoja mwembamba, waliitwa Kinu na Mchi, na ilikuwa mwiko kumwita mmoja bila mwenzake. Kulikuwa na Pweza, aliyechanganya mkono wa kushoto na wa kulia. Kulikuwa na Bi Harusi Kalala, asiyeamka kwa tarumbeta. Mwinjuma alikuwa Korongo.

Wengine waliumia. Mwali alikuwa akisaga meno usingizini. Lakini Mwinjuma jina halikumuuma. Korongo ni ndege mwenye heshima zake, anajua kusimama na anajua kusubiri. Lililomuuma ni namna alivyofika pale.

Serikali ilitaka vijana. Jumbe wa kwao alikuwa na wana watatu wa kiume, wote mabega kama milango. Akatazama huku, akatazama kule, asiwaone. Akamwona Mwinjuma, mtu aliyekwisha kuota mvi kidevuni.

"Wewe ni mgane," akamwambia mbele za watu. "Huna wa kukulilia."

Kana kwamba ugane ule ulishuka wenyewe kutoka mbinguni kama umande! Siku mkewe Mwantumu aliposhikwa na uchungu wa mtoto na mtoto akakataa kutoka, mtumbwi mkubwa, ule pekee wa kuweza kumfikisha kwa mganga wa ng'ambo, ulikuwa umejaa boriti za serikali. Mwinjuma aliomba zishushwe. Alipiga magoti, na yeye si mtu wa kupiga magoti. Jumbe akasema boriti za serikali hazishushwi kwa ajili ya mwanamke; akija kuulizwa, atajibu nini? Wakiwa bado wanabishana maji yakapwa, na Mwantumu akaenda nayo. Tangu hapo Mwinjuma akisikia neno serikali hutema mate. Akisikia neno jumbe hatemi, humeza. Mate yale alikuwa akiyawekea siku yake.

Alibakiwa na binti mmoja, Sikudhani. Na habari za Sikudhani ndizo alizoleta dada yake, Mwanahawa, asubuhi moja, kichwani kapu la kamba wakavu, miguu imejaa vumbi la njia ya kutoka Nyamisati.

"Kaka," alisema kwenye uzio wa kambi, "hawa kamba ni kisingizio tu. Nimekuja na maneno."

"Yaseme kabla hajaniona yule."

"Jumbe anakwenda kwa kadhi. Anasema mkishapelekwa ng'ambo wewe ni mtu usiyejulikana uliko, na binti asiye na walii anaozwa na kadhi. Keshamchagulia mume."

"Nani?"

"Nduguye. Yule mwenye wake watatu na kikohozi."

Mwinjuma alishika waya wa uzio. Sikudhani alikuwa na mchumba, Mussa, kijana mkata mikoko kama yeye, na neno la Mwinjuma lilikuwa limekwisha kutolewa mbele ya wazee. Ilibaki akidi tu. Tena akidi ni jambo dogo: walii, mchumba, mashahidi wawili, na mtu wa kusoma hotuba. Jambo dogo, na linamtaka baba awepo.

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema wakimpa mzee yule ataingia mikokoni bamvua likijaa, maji makuu yamfunike." Mwanahawa alifuta jasho kwa ncha ya leso. "Unamjua mwanao. Hasemi jambo akaliacha."

"Mwambie asiingie popote. Mwambie nakuja."

"Utakujaje?"

"Wewe mwambie."

Mchana ule ule alimfuata Sajini Dadi, aliyekuwa amekaa juu ya debe akipaka dawa buti zake.

"Afande."

"Nani kasema? Naona ndege."

"Afande, naomba ruhusa ya kwenda nyumbani kabla hatujaondoka. Nina binti wa kuoza."

"Ruhusa anatoa kapteni. Na kapteni hatoi ruhusa kwa ndege." Sajini hakuinua macho. "Wiki ijayo anakagua kwata. Kuruta atakayepita mbele yake bila kutia aibu, ataomba ruhusa, atapewa. Wewe utapita?"

"Nitapita, afande."

"Utaruka." Akatemea buti, akasugua. Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka: "Ana haraka gani huyo binti?"

"Hana haraka yeye. Jumbe ndiye mwenye haraka. Anataka kumwoza kwa nduguye nikishapanda meli."

Sajini alisugua muda mrefu mahali palipokuwa pameshang'aa.

"Ondoka hapa, Korongo. Unanizibia jua."

Basi ikawa kila jioni, wengine wakipumzika, Mwinjuma na Abdalah wanakwenda nyuma ya jiko. Abdalah alimfunga kamba ya makumbi magotini, fupi, goti likipanda inavuta. Wakaenda na kurudi, Abdalah akihesabu hatua kwa sauti ya Sajini, masharubu ameyachora kwa masizi.

"Kushoto, kulia! Korongo, mama yako alitotoa mayai mangapi?"

"Mwali, wewe nyamaza ufumbe macho."

Jioni moja wapishi walikuwa wakinunua asali kwa mama mmoja aliyetoka bara, na Sajini alikuwepo. Abdalah akamshika Mwinjuma mkono. "Sikiliza. Yule mama anaongea Kingindo, na Sajini anamjibu."

"Sajini si Mnyasa?"

"Sote tulidhani Mnyasa, kwa ule ukali. Kumbe Mngindo wa Ngarambe, tena kamwuliza mama yule habari za mizinga ya baba yake. Nimesikia kwa masikio yangu."

Mwinjuma alisimama na kamba yake magotini. Kidogo kidogo uso wake ukafunguka, akatabasamu mara ya kwanza tangu alipofika Kibiti.

"Mtani," alisema.

Asiyejua utani hawezi kuelewa tabasamu lile. Wandengereko, watu wa kina Mwinjuma, na Wangindo ni watani tangu babu na babu. Siku ya kumzika Mwantumu, watu wakiwa wameinua jeneza, alitokea mzee mmoja wa Kingindo, mrina asali, akalala kizingitini. "Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Marehemu huyu alikuwa akila kaa kwa siri, ardhi haitampokea mpaka nipewe changu!" Watu wakacheka huku machozi yakiwatoka. Mwinjuma, aliyekuwa hajasema neno tangu usiku uliopita, akacheka pamoja nao, akafungua kibindo akampa, na baada ya kucheka ndipo akaweza kutembea mpaka kaburini. Mtu mwingine akimcheka maiti wako ni adui yako. Mtani akimcheka, anakushika mkono. Na lisilojibiwa si utani. Mtani akikutukana nawe ukanyamaza, umemkana.

Basi tangu jioni ile Mwinjuma alisikia kwata kwa masikio mengine. "Vibuyu!" alipiga kelele Sajini, na yeye akaona raha. "Walaji kaa! Mama zenu wakiwaona watadai maziwa yao!" na yeye akauma mdomo, majibu yamejipanga kooni kama makuruta.

Siku ya ukaguzi kapteni alikuja na fimbo kwapani, kijana mrefu mwenye shingo nyekundu, Kiswahili chake cha kuokoteza. Wiki nzima alikuwa na ghadhabu, kwa sababu mchwa walikuwa wamekula nguzo za stoo ya unga na paa limelala upande mmoja.

Wakapita. Kinu na Mchi wakapita, Pweza akapita akinong'ona "kulia ni wa kulia chakula." Na Mwinjuma akapita. Hakuwa na kamba, lakini magoti yake yaliikumbuka. Kushoto, kulia, kushoto, unyayo chini, kichwa juu, uwanja mzima toka mwisho hadi mwisho. Goti halikupanda hata mara moja. Waliposimama, jasho likimtiririka mgongoni, aliona kana kwamba ameshafika nyumbani. Alisikia hata harufu ya tope.

Kapteni akaja mstari kwa mstari, akasimama mbele yake. "Mzuri huyu," alisema. "Wa wapi?"

Sajini Dadi alivimba kifua. Alikuwa na furaha, na furaha yake haikujua kutoka ila kwa mlango mmoja. "Wa visiwani, afande! Kwao wanazika maiti kwenye matope, kaa ndio wanaowasomea hitima! Lakini leo ametembea kama mtu."

Mstari mzima uliganda. Wote walijua Mwinjuma ni mgane. Lakini yeye hakusikia tusi. Alimsikia mrina asali kizingitini. Na kwa ile furaha ya kupita, na nyumbani kulivyokuwa karibu, ulimi ukamtangulia:

"Afadhali kaa wanasoma! Kwenu Ngarambe mwatega panya makaburini, na mkimla mmoja mwasema mmemkumbuka babu!"

Kisha Mchi, au Kinu, akatoa kicheko kimoja kikubwa cha mdomo mzima, na kikakatika.

Hapo ndipo Mwinjuma alipoona alipo. Hakuwa kizingitini kwake. Alikuwa kwenye mstari, amemtukana sajini mbele ya Mzungu.

"Wewe natukana sajini?" Shingo ya kapteni ilizidi kuwa nyekundu. "Mbele yangu? Ruhusa hapana. Ruhusa hapana kabisa! Sajini, huyu atapigwa viboko."

Sikudhani. Hilo tu ndilo lililopita kichwani mwa Mwinjuma, jina la mwanawe, na bamvua likijaa mikokoni. Amemuuza mwanawe kwa mzaha mmoja.

Sajini Dadi alikuwa ametazama mbele, uso kama kinyago, masharubu hayatikisiki. Alipiga saluti.

"Afande, viboko ni zawadi kwa mtu huyu. Ngozi yake ya mamba. Ukimpiga leo, kesho amesahau."

"Sasa nini?"

"Afande, stoo inataka boriti. Boriti ziko kwao, matopeni. Huyu alikubali kuja jeshini ili aikimbie kazi hiyo. Hakuna anachokichukia duniani kama kukata mikoko. Mrudishe akakate. Akate boriti za stoo nzima, kwenye mbu, kwenye kaa, chini ya ulinzi, bila ujira. Nitamsimamia mwenyewe." Akamgeukia Mwinjuma, macho yamemtoka. "Atalia, afande. Naapa atalia."

Mwinjuma alifungua mdomo, na kwa mara moja katika maisha yake akaufunga kwa wakati.

Kapteni alitazama stoo yake iliyolala upande. "Vizuri," alisema. "Mkali kabisa. Vizuri."

Waliondoka alfajiri ya pili yake kwa miguu kuelekea Nyamisati: Sajini mbele, Mwinjuma nyuma yake na shoka begani, halafu Abdalah, Kinu na Mchi, waliochaguliwa kwa sababu ya kile kicheko. Jua lilipokuwa kali Mwinjuma akashindwa kujizuia.

"Afande."

"Mfungwa haongei."

"Afande, kule uwanjani, mimi nilidhani..."

"Ulidhani! Nani alikwambia kuruta anadhani?" Sajini alitembea hatua kadhaa. "Panya makaburini," alisema peke yake, na mabega yakamtikisika. "Panya! Baba yangu akisikia atakuja na mkuki." Kisha akageuka, akamnyooshea kidole. "Nisikilize, mla kaa. Mtani wangu hapigwi na Mzungu. Nikitaka apigwe nitampiga mwenyewe, siku ninayoitaka. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

"Na boriti nazitaka. Usije ukadhani ni mchezo."

Nyamisati wakapata mtumbwi. Sajini, mtoto wa porini, alikaa katikati akishika kingo mbili kwa mikono miwili, na kila mawimbi yalipogonga ubavu alisoma kitu chini ya masharubu. Walipofika upande wa Kiongoroni maji yalikuwa yamekupwa, na kati ya mtumbwi na mji palikuwa na tope tupu, jeusi, linalopumua.

"Vua buti, afande," alisema Mwinjuma.

"Sajini havui buti mbele ya makuruta." Na akashuka, akakanyaga tope kama anavyokanyaga uwanja.

Lilimshika magotini. Akavuta, likamshika mapajani. Kinu na Mchi walikuwa wameshikana, hawajui kama wana ruhusa.

"Usivute, afande! Simama hivyo." Mwinjuma alimwendea kwa ule mwendo wake, goti juu, vidole chini, tope likimwachia mguu kwa heshima. Alimshika Sajini kwapani. "Sasa nyanyua goti. Polepole. Juu! Nimesema juu, afande, sikusema cheza ngoma! Vidole chini. Vidole chini, mla panya, utatuzamisha wote!"

Hivyo wakapanda, mtani kwa mtani, goti kwa goti. Mguu mmoja ulitoka na buti lake. Wa pili ulitoka mtupu. Mwinjuma alizamisha mkono mpaka begani akalitafuta, lakini tope lilikuwa limekwisha kufunga mdomo.

Sajini alitazama pale mahali kama mtu anayetazama kaburi. "Nitasema limeliwa na mamba," alisema mwishowe.

Wanawake waliokuwa ufukweni waliona yote, na walipomtambua Mwinjuma wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo ya pili ya mto.

Mussa aliitwa kutoka mikokoni, akaja na shoka mkononi na matope kifuani, akatumwa kuoga. Mwalimu wa chuo cha Kurani akatandika mkeka barazani kwa Mwanahawa. Abdalah na Sajini wakakaa mashahidi, Abdalah kajifuta uso kwa kofia yake ya jeshi, Sajini na buti moja, mguu wa pili ameukunja chini ya kaptura. Mwalimu alikuwa ameshasafisha koo asome hotuba, jumbe akatokea, kanzu yake nyeupe, bakora mkononi, nduguye akikohoa nyuma yake.

"Hapana akidi hapa," alisema jumbe. "Mtu huyu ni mali ya serikali. Tena nasikia ni mfungwa. Hana uwalii. Shauri la binti huyu liko kwa kadhi."

Mwinjuma alihisi yale mate yake ya miaka yote yanapanda. Kabla hajayatema, Sajini Dadi alikuwa ameshainuka.

"Nani huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini. Makuruta wote walijikaza. Walizijua sauti zake.

"Mimi ndiye jumbe."

"Sikuuliza cheo. Nauliza nani huyu anayesimama mbele ya sare ya Mfalme kama gunia la mpunga lililofunguka mshono? MGUU SAWA!"

Visigino vya jumbe viligongana kabla mwenyewe hajajua. Bakora ilianguka.

"Tumbo ndani! Hilo ni tumbo au mtungi? Kidevu juu! Kibuyu cha serikali! Wewe ndiye uliyeniletea mgane mwenye mvi, ukasema vijana wamekwisha?" Sajini alimzunguka, buti, unyayo, buti, unyayo. "Nimepita ufukweni nikaona vijana watatu wanashona nyavu, mabega kama milango. Wa nani wale? Sema!"

Jumbe alimeza mate. "Wanangu."

"Kumbe! Kapteni angefurahi sana kuwajua. Nimwambie, au nina shughuli nyingi za kushuhudia harusi nitasahau?"

Kuku alipita barazani katikati yao, akatazama huku na huku, akaendelea.

"Utasahau, bwana mkubwa," alisema jumbe.

"Basi kaa mkekani, pale mwisho. Na huyo anayekohoa akakohoe nyumbani kwake."

Mwalimu akasoma hotuba. Mwinjuma akamshika Mussa mkono, na mkono wa kijana ulikuwa na sugu za shoka mahali pale pale alipokuwa na zake. "Nimekuoza binti yangu Sikudhani," alisema, "kwa mahari mliyopatana," na akautazama mlango ambao mama wa binti angekuwa amekaa nyuma yake akisikiliza. Akarudia: "Nimekuoza." Mussa akasema amekubali. Basi. Jambo dogo kama lile. Jumbe naye alinyanyua mikono akaitikia amina, kwa kuwa macho ya Sajini yalikuwa juu yake.

Walikata boriti, na hawakukata kwa mchezo. Mji mzima ulitoka. Mussa, fungate lake halijakwisha, alikata kama watu wawili, na wana watatu wa jumbe walibeba bila kuambiwa. Sajini alikaa juu ya gogo akitukana kila mtu kwa zamu, na watoto walimfuata nyuma wakigombania nani ameitwa jina gani. Jioni aliletewa wali na kuku, akasema wali wao una ladha ya mkojo wa kaa, akaomba tena.

Siku ya kuondoka, mtumbwi mkubwa ukiwa umejaa boriti mpaka ukingoni, Mwanahawa alimvuta kaka yake pembeni.

"Kaka, tazama mikoko ile. Hakuna Mzungu atakayekukuta humo. Hata hao wenzako hawatakukuta."

Mwinjuma aliitazama. Aliijua mikoko ile kuliko alivyojua viganja vyake. Angeweza kuingia sasa hivi, goti juu, vidole chini, na kabla ya maji kupwa angekuwa amegeuka kuwa mti. Kisha akatazama kwenye mtumbwi. Sajini Dadi alikuwa amekaa juu ya boriti, mgongo amewapa wao, bunduki ameilaza chini, jogoo wake wa utani, aliyemdai mpaka akapewa, amemfungia mguuni kwenye kidole gumba kitupu. Alikuwa akimsemesha jogoo. Hakugeuka nyuma hata mara moja, na shingo yake ilionyesha kwamba kutogeuka ni kazi anayoifanya kwa nguvu zote.

"Watamvua tepe," alisema Mwinjuma.

"Na wewe watakuvua nini huko uendako?"

Mwinjuma alizunguka nyuma ya nyumba, mahali ukuta wa makuti ulipokuwa na mwanya. Mwari wa fungate hatoki nje, na yeye hakuomba atoke.

"Sikudhani."

"Labeka, baba."

"Maji yanajaa, nakwenda. Mumeo ni mtu wa kazi. Akikukosea mwambie shangazi yako. Jumbe akikukosea..." Akatafuta neno. "Jumbe hatakukosea."

Ndani kulikuwa na harufu ya udi na sauti za wanawake wakimpamba. Katika mwanya wa makuti vikatoka vidole vitatu, vya mama yake kabisa, virefu, vimepakwa hina mbichi ambayo bado haijakauka. Mwinjuma alivishika. Alijua atamharibia mapambo, lakini hakuviachia, na binti hakuvivuta.

Kisha akashuka ufukweni, akaushika upondo wa kusukumia mtumbwi.

Mtumbwi ulikwenda mzito, boriti zikigusa maji. Kinu na Mchi walianza wimbo, Abdalah akaupokea, na Sajini akawaambia wanaimba kama mbuzi waliofiwa, waendelee. Walipofika kwenye mkondo mkuu, maji yakawa mapana na mwanga wa jua umetandazwa juu yake, Mwinjuma aliuweka upondo kwapani akainama akaosha mikono. Tope likatoka, likaenda na maji. Akafungua kiganja juani. Hina ilikuwa imeshika, alama tatu za rangi ya chungwa, mahali pale pale mpini wa shoka unapokaa, na maji ya chumvi yalipita juu yake yakaziacha.